Antibodi ya sungura ya CYP2B6 inanipa bendi mbili kwenye ini la panya. Ipi ndiyo kimeng'enya chenyewe?

#1 NuruYaBenchi
Wakuu heshima zenu. Naombeni mawazo maana hii ni wiki ya tatu nakaa na filamu moja hiyohiyo na supavaiza ameanza kuniangalia kwa jicho la huruma.

Niko masters. Kazi yangu ni kuangalia kama maji ya majani ya mwarobaini yanapandisha au yanashusha CYP2B6, kile kimeng'enya cha ini kinachovunja efavirenzi (dawa ya VVU) na dawa nyingine kibao. Nimeichagua kwa sababu mtaani kwetu watu wanameza dawa za hospitali asubuhi, jioni wanapiga kikombe cha mwarobaini na daktari haambiwi kitu.

Antibodi niliyonayo ni polikloni ya sungura, imeandikwa inatambua CYP2B6 ya binadamu na "inatarajiwa" kutambua ya panya. Westani bloti yangu (protini zinatenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, kisha antibodi inazionyesha kama bendi) ina vitu vitatu: maikrosomu, yaani vipande vya utando wa ndani ya seli vinavyobeba CYP, za ini la binadamu za kununua (kichupa kimoja tu, nakitunza kama mboni ya jicho), ini la panya weupe nililosaga mwenyewe, na seli za HepG2 zilizolowekwa mwarobaini.

Binadamu: bendi moja safi, juu kidogo ya 50 kwenye lada (kipimo cha ukubwa, kwa kilodaltoni). Panya: bendi mbili, moja kwenye 50 nene kama tofali na nyingine juu yake kidogo, nyembamba. HepG2: bendi moja hafifu karibu na 50, na niweke mwarobaini nisiweke haibadiliki hata kidogo.

Swali, ipi ni ipi? Karatasi ya maelezo imeonyesha bendi moja tu, nzuriii.

#2 Mkongwe_wa_Jeli
Karibu kwenye chama dada. Karatasi za maelezo zote zina bendi moja nzuri, hiyo picha wameipiga siku jua limetoka.

Nianze na HepG2 maana hapo ndipo unapoteza muda. Zile seli zilitoka kwenye uvimbe wa ini ndio, lakini zikishakaa kwenye chupa zimesahau kazi za ini, CYP nyingi (ukoo wa hicho kimeng'enya) ndani yake ni kidogo mno, hiyo 2B6 karibu hakuna. Kwa hiyo bendi yako hafifu isiyobadilika siamini ni CYP2B6, ni protini nyingine antibodi imeidandia. Ungetaka seli zinazofanya kazi kama ini ni HepaRG, nazo mpaka uzikomaze kwa DMSO wiki mbili, au upate seli halisi za ini la mtu, na bei yake wote tunaijua.

#3 DogoPipeti
Mkuu #2 umemvunja moyo mwenzio saa mbili asubuhi 😂

Mimi nasema ni azaidi. Antibodi nyingi zinahifadhiwa na sodiamu azaidi isiote ukungu, na azaidi inaua ile HRP inayotoa mwanga. Ndio maana bendi ya HepG2 ni hafifu.

#4 Mama_Sentrifuji
@DogoPipeti hapana mwanangu. Azaidi inaua HRP kweli, hapo uko sahihi, ila iko kwenye antibodi ya kwanza, ameizimua 1 kwa 1000 halafu akaosha mara tatu kabla ya kuweka ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kubeba HRP. Kilichobaki hapo hakina nguvu ya kuzima kitu. Shida inakuja mtu akiweka azaidi kwenye chupa ya antibodi ya pili yenyewe, ile yenye HRP. Hilo nimeliona kwa macho, mwanafunzi mmoja aliua chupa nzima kwa nia njema ya kuihifadhi.

Nuru, swali langu kwako: hilo ini la panya uliliosha damu kabla ya kusaga?

#5 NuruYaBenchi
@Mkongwe asante japo imeuma. @Mama_Sentrifuji shikamoo. Hapana, nililitoa, nikalisuuza juujuu na seline ya baridi, nikakata nikasaga. Kwani?

#6 Mama_Sentrifuji
Marahaba. Basi nadhani tofali lako la 50 ni damu.

Sikiliza. Ini limejaa damu, damu imejaa antibodi za panya mwenyewe. Ukichemsha sampuli na SDS na merkapto (kemikali za kunyoosha na kuachanisha protini), kila IgG, antibodi ya kawaida ya kwenye damu, inaachana vipande, mnyororo mzito unakaa kilodaltoni 50 na mwepesi 25. Antibodi yako ya pili imetengenezwa ikamate IgG ya sungura, lakini IgG ya panya inafanana nayo vya kutosha, kwa hiyo inaishika. Na CYP zote zinakaa hapohapo 50 hadi 56. Yaani bahati mbaya ya kitaalamu, mwizi na mwenye nyumba wamevaa shati moja.

Jaribio lake ni rahisi: pitisha jeli ileile, usiweke antibodi ya kwanza kabisa, weka ya pili tu. Bendi ikibaki, si ya kimeng'enya. Na chungulia pale 25, kama kuna bendi nyingine basi jibu ndilo hilo. Siku nyingine lioshe ini likiwa bado mwilini, ingiza sindano kwenye ule mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, sukuma seline ya baridi mpaka ini liwe na rangi ya udongo. Halafu nunua antibodi ya pili iliyochujwa dhidi ya protini za panya, zipo.

#7 Prof_Asiye_Prof
Naheshimu sana #6 ila naleta hoja nyingine. Panya hana CYP2B6. Yeye ana CYP2B1 na CYP2B2, ndugu wawili wanaofanana kwa takriban asilimia 97, na kwenye jeli nzuri wanatembea tofauti kidogo. Polikloni ni mchanganyiko wa antibodi nyingi kutoka seli nyingi za sungura, kila moja inashika sehemu yake ya protini, kwa hiyo ni kawaida kabisa ishike ndugu wote wa ukoo. Bendi mbili = ndugu wawili. Sioni ajabu.

#8 Mkongwe_wa_Jeli
@Prof_Asiye_Prof ungekuwa sahihi kama panya wake wangepewa fenobabitali (dawa ya kifafa). Panya wa kawaida ambaye hajapewa kitu, CYP2B1 yake ni kidogo sana na 2B2 ni kidogo pia. Ukimpa fenobabitali ndio vinaruka juu, huo ni mfano wa darasani kabisa wa kimeng'enya kuamshwa na dawa. Sasa tofali kwenye panya ambaye hajaguswa linatoka wapi?

@Nuru panya walipewa nini?

#9 NuruYaBenchi
Hawakupewa kitu, walikuwa kundi la maji tu. Nilitaka nianze na hao.

#10 KijanaWaTiba
Wape rifampisini basi dada, fenobabitali ina masharti mengi ila rifampisini haina shida kuipata. Inaamsha 2B6 vizuri tu, halafu unaona bendi ipi inanenepa.

#11 Prof_Asiye_Prof
@KijanaWaTiba kwa binadamu ndiyo, kwa panya utaumia. Ile protini ndani ya seli inayopokea rifampisini na kuamuru CYP ziongezeke, PXR, ya panya haiisikii rifampisini vizuri. Panya wanaitikia steroidi kama PCN au deksamethasoni. Na kwa 2B hasa njia ni protini nyingine ya aina hiyo, CAR, ambayo fenobabitali ndiyo ufunguo wake. Nimeona watu wakipoteza miezi kwa hili.

Ila wazo lako la msingi ni zuri: mwamshe mnyama, uone bendi ipi inapanda. Hilo ndilo jaribio litakaloniumbua mimi au Mama.

#12 MpitaNjia_Tabora
Samahani wakuu mimi si wa fani, nimefuata neno efavirenzi. Hicho kimeng'enya ndicho kilichomtesa mama mdogo wangu?

Alianzishwa dawa 2012, ile ya kumeza usiku. Wiki ya kwanza akawa anaamka anasema kuna watu wamesimama dirishani. Ndoto mbaya, kizunguzungu, mchana anayumba kama mlevi. Majirani wakasema karogwa, akapelekwa kwa mganga, dawa akaacha. Alikuja kubadilishiwa baadaye sana akawa mzima wa afya mpaka leo. Siku zote tumejua ni dawa kali tu, hatukujua ini linahusika.

#13 Mama_Sentrifuji
Pole sana @MpitaNjia. Siwezi kusema kwa mtu ambaye sijampima, ila ulichosimulia kinafanana sana na tunachokijua. Jini ya CYP2B6 ina mabadiliko moja maarufu, 516 G kwenda T, na sisi Waafrika tunayo kwa wingi kuliko Wazungu. Aliyeipata kwa baba na kwa mama, kimeng'enya chake ni kidogo, efavirenzi haivunjwi kwa kasi, inajaa kwenye damu na kichwani. Dozi ilikuwa miligramu 600 kwa kila mtu mzima, aliye na kimeng'enya tele na asiye nacho wote sawa. Prof. Collen Masimirembwa na wenzake wa AiBST, taasisi ya utafiti kule Harare, wamelipigania sana hili, dozi ziangalie jini za Waafrika. Baadaye miligramu 400 ikaonekana inatosha.

Mwambie mama mdogo hakurogwa.

#14 MpitaNjia_Tabora
Nitampigia leo. Asante sana dada yangu.

#15 KijanaWaTiba
Lakini si tulishahama kwenda TLD, kile kidonge kipya cha VVU chenye dolutegraviri? Efavirenzi watu wengi hawatumii tena. @Nuru utafiti wako haujapitwa?

#16 NuruYaBenchi
Swali hilohilo nililiulizwa kwenye proposo. CYP2B6 haivunji efavirenzi peke yake. Methadoni iko humo, na kliniki ya methadoni ya waraibu wa heroini Muhimbili ipo tangu 2011, wale vijana wanakunywa dozi kila siku, na wanakunywa miti shamba pia. Ketamini ya upasuaji humo. Siklofosfamaidi ya saratani yenyewe inahitaji hicho kimeng'enya ili iwe dawa. Baadhi ya dawa za jamii ya artemisinini. Na watoto na watu wazima ambao bado wako kwenye efavirenzi kwa sababu moja au nyingine wapo. Kwa hiyo mwarobaini ukigusa 2B6 unagusa watu wengi.

#17 Fundi_Elisa
Nimesoma uzi wote. Mnaongelea bendi ya juu na ya chini, hamjauliza alichochomwa sungura. Je, ni protini nzima ya CYP2B6 au ni kipande kidogo cha amino asidi kumi na kitu? Kama ni kipande, tafuta mlolongo wake, ulinganishe na 2B1 na 2B2 ya panya. Kikiwa kimetofautiana amino asidi tano sita, basi hilo neno "inatarajiwa kutambua ya panya" ni matumaini ya muuzaji, hakuna aliyepima.

#18 NuruYaBenchi
Wameandika "peptaidi sintetiki kutoka eneo la ndani la CYP2B6 ya binadamu". Mlolongo hawatoi, wanasema ni siri ya biashara. Nimewaandikia barua pepe mbili.

#19 Fundi_Elisa
Ndipo hapo ninapokasirika. Unauziwa kufuli bila kuambiwa funguo imechongwaje. Waombe basi ile peptaidi yenyewe wakuuzie, wengi wanayo. Unaichanganya na antibodi usiku kucha, halafu unapitisha bloti. Bendi inayotoweka ndiyo iliyokuwa inashikwa na antibodi kwa njia ya hiyo peptaidi. Isiyotoweka ni ya watu wengine.

#20 Mkongwe_wa_Jeli
Nakubaliana na #19 nusu. Peptaidi inakuonyesha antibodi imeshika kwa mkono wake halali, haikuonyeshi imeshika protini sahihi. Protini nyingine yenye kipande kinachofanana nayo itatoweka vilevile. 2016 kundi la kimataifa la uthibitishaji wa antibodi lilitoa nguzo tano, na kuzuia kwa peptaidi haikuwa mojawapo. Walitaka ufute jini uone bendi inakufa, au upime protini kwa njia nyingine kabisa, au utumie antibodi nyingine inayoshika sehemu tofauti, au uweke protini yenye alama, au uikamate uipeleke kwenye masi spektrometa. Kwetu hapa rahisi ni antibodi nyingine huru, na protini rikombinanti ya CYP2B6 kama kontroli. Ile ya kutengenezwa kwenye seli za wadudu, kiasi kidogo kwenye mstari wa pembeni, unajua hasa 2B6 inakaa wapi kwenye jeli yako.

#21 Prof_Asiye_Prof
Kuna kitu kinanifurahisha hapa hakijatajwa. Sungura mwenyewe ana kimeng'enya cha ukoo huohuo, CYP2B4, kinafanana na 2B6 yetu kwa zaidi ya robo tatu. Hata jina P450, la ukoo mzima wa CYP, Omura na Sato walilitoa miaka ya 1960 kwenye maikrosomu za ini la sungura, zikiwekwa monoksaidi ya kaboni zinanyonya mwanga kwenye nanomita 450.

Sasa fikiria. Sungura hawezi kushambulia kirahisi kitu kinachofanana na chake. Ukimchoma 2B6 nzima, antibodi atakazotoa zitalenga zaidi sehemu ambazo 2B6 inatofautiana na 2B4 yake. Na hizo sehemu zinazobadilikabadilika ndizo hizohizo panya naye anatofautiana na sisi. Kwa hiyo pengine antibodi hii kwa binadamu ni nzuri na kwa panya ni ya kubahatisha tu.

#22 Mama_Sentrifuji
@Prof umefuta hoja yako mwenyewe ya #7 🙂

#23 Prof_Asiye_Prof
Nimeidhoofisha, sijaifuta. Vipande vya ndani vinavyofanana kwa wote watatu bado vinaweza kushikwa, hasa protini ikishachemshwa na kunyooka.

#24 SunguraFarm_Kiambu
Niaje wasee. Mimi nafuga sungura huku Kiambu, nimeingia kwa sababu ya jina. Hao sungura wa antibodi huwa wanachinjwa? Na hiyo damu wanatoa ngapi?

#25 Fundi_Elisa
Karibu jirani. Kawaida wanatumia wale weupe wa New Zealand. Anachomwa protini pamoja na mafuta ya Freund ya kuchochea kinga mara ya kwanza, halafu anarudiwa kila baada ya wiki kadhaa, baada ya miezi miwili mitatu damu inakuwa na antibodi za kutosha. Inatolewa kwenye mshipa wa sikio. Sungura wa kilo 3 ana damu kama mililita 170, hairuhusiwi kumkamua zaidi ya kama asilimia 10 kwa mkupuo, kwa hiyo mililita 15 hivi. Mwishoni wengi wanatolewa damu yote wakiwa wamelazwa usingizi.

Na hapo ndipo penye tatizo la polikloni. Sungura huyo akiisha, loti imeisha. Anayefuata ni sungura mwingine mwenye kinga yake.

#26 SunguraFarm_Kiambu
Kumbe. Kwa hivyo ni kama asali, kila mzinga na ladha yake.

#27 Fundi_Elisa
Kabisa. @Nuru antibodi yako na ile ya kwenye picha ya karatasi ni loti moja?

#28 NuruYaBenchi
Nimeangalia, loti tofauti. Aisee.

Pia nikiri jambo. Kifurushi kilikaa uwanja wa ndege siku nane kikisubiri kibali, barafu iliyeyuka yote. Na friza yetu ilizima wikendi moja umeme ulipokatika. Antibodi iko kwenye gliseroli, niliambiwa haina shida.

#29 Mkongwe_wa_Jeli
Antibodi yenyewe sina wasiwasi nayo sana, IgG ni ngumu kufa, gliseroli asilimia 50 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hata haigandi. Igawe tu kwenye vichupa vidogo usiwe unaitoa na kuirudisha. Ninachoogopa ni ini. Lilikuwa kwenye friza hiyohiyo wikendi ile?

#30 NuruYaBenchi
Ndiyo...

#31 Mkongwe_wa_Jeli
Haya, dhana nyingine mezani. Ini likiyeyuka, vimeng'enya vya kumeng'enya protini vinaamka. Bendi ya juu nyembamba inaweza kuwa protini nzima, na tofali la chini ni ileile iliyokatwa mkia. Ulisaga na PMSF ya kuvizuia?

#32 NuruYaBenchi
Niliweka, ila PMSF niliyokuwa nimeiyeyusha asubuhi, nikaiweka kwenye baffa saa nane mchana.

#33 Mama_Sentrifuji
PMSF kwenye maji inakufa haraka, ukishaiweka kwenye baffa tumia hapohapo. Lakini kama yako ilikuwa bado kwenye isopropanoli hadi dakika ya mwisho iko salama. @Mkongwe dhana yako haielezi unene, kipande kilichokatwa hakiwezi kuwa kingi kuliko protini ambayo wewe mwenyewe umesema kwa panya huyu ni kidogo.

Nuru, achana na ini zima. Tengeneza maikrosomu, damu nyingi itabaki kwenye maji ya juu na CYP zitakuwa zimejikusanya.

#34 NuruYaBenchi
Hatuna altrasentrifuji. Iliyopo inaishia 25,000 g kwa kujikaza.

#35 Mama_Sentrifuji
Inatosha. Zungusha kwanza 10,000 g dakika 20, tupa masimbi. Kwenye maji ya juu weka kalsiamu kloraidi ifike milimola 8, maikrosomu zinagandamana, zungusha 25,000 g dakika 20 zinashuka. Njia ya miaka ya sabini, inafanya kazi. Tope lile lisuuze mara moja na uzungushe tena, IgG nyingine itatoka hapo. Na sampuli usiichemshe nyuzi 95, protini za kwenye utando zinaweza kujivuruga zikabaki juu ya jeli, jaribu 60 au 70 dakika kumi. Kontroli ya ujazo usitumie aktini, kwenye maikrosomu tumia kalneksini, protini ya utando huohuo.

#36 DogoPipeti
Naandika hapa notsi 📝

#37 NuruYaBenchi
Wakuu, mrejesho. Jana nimepitisha jeli bila antibodi ya kwanza kama alivyosema Mama. Ini la panya zima: tofali la 50 LIPO, ila limepungua, limekuwa kama nusu. Na pale 25 kuna bendi. Bendi ya juu nyembamba imetoweka kabisa. HepG2 hakuna kitu chochote.

#38 Mama_Sentrifuji
Nilisema damu.

#39 Prof_Asiye_Prof
Nusu ni damu. Hiyo nusu nyingine inahitaji antibodi ya kwanza ili ionekane, na ya juu inaihitaji yote. Bendi mbili, ndugu wawili.

#40 Mkongwe_wa_Jeli
Au kipande kilichokatwa kimejificha chini ya damu. Na "nusu" kwenye filamu mbili tofauti si kipimo wakuu, sekunde za mwanga zilikuwa sawa?

#41 NuruYaBenchi
Ya kwanza sekunde 60, ya jana 30. Filamu zimebaki chache.

#42 Mkongwe_wa_Jeli
Basi nusu yako haipo. Rudia zote mbili kwenye utando mmoja, ukate katikati baada ya Ponso (rangi ya kuonyesha protini), upande mmoja na antibodi, upande mmoja bila, mpige mwanga pamoja.

#43 Fundi_Elisa
Na HepG2 bila antibodi ya kwanza hakuna kitu, kwa hiyo ile bendi yake inatoka kwa antibodi ya kwanza kweli. Si damu, na kama #2 yuko sahihi si 2B6. Ni nani huyo?

#44 SunguraFarm_Kiambu
Nimefuata hadi hapa. Kwani mkitaka kujua kama inashika ile ya sungura, 2B4, si nawaletea ini la sungura fresh? Nachinja Ijumaa.

#45 Mama_Sentrifuji
Asante sana kaka, moyo wako ni mzuri, ila ini la sungura limejaa IgG ya sungura, na antibodi yetu ya pili imetengenezwa kukamata hiyohiyo. Pale 50 na 25 patawaka.

#46 SunguraFarm_Kiambu
Na nikiliosha na seline mpaka liwe rangi ya udongo, kama ulivyosema?

#47 Mama_Sentrifuji
Itapungua, haitaisha.

#48 NuruYaBenchi
Kalsiamu kloraidi nimeipata kwa jirani wa maabara ya maji. Kesho asubuhi naanza maikrosomu za panya wapya wawili, naosha ini vizuri. Mama, ile kalsiamu naiweka ini likiwa kwenye sukrosi au kwenye fosfeti?

#49 Mama_Sentrifuji
Sukrosi na Trisi. Ukiweka kwenye fosfeti kalsiamu itaganda nayo, utapata chokaa.